Kufuata Maji ya Zigi: Mwongozo Kamili wa Kupeleka Darasa Kutoka Msitu wa Amani Hadi Mikoko ya Tanga

Mara ya kwanza nilipopeleka wanafunzi wa biolojia kwenye msitu wa Amani, Usambara Mashariki, tulirudi na picha mia na ushee na maarifa haba. Ndani ya siku mbili tulitaka kuona maporomoko, bustani ya miti, mashamba ya chai, vipepeo, mbega na mapango. Kila mahali tulishuka, tukatazama, tukapanda gari. Wiki iliyofuata niliwauliza darasani msitu ule una kazi gani, nikajibiwa kwamba unapendeza na unaleta mvua. Jibu hilo wangeweza kulitoa bila kutoka Dar es Salaam.

Tangu hapo nimebadili utaratibu. Safari nzima inafuata kitu kimoja tu, nacho ni maji. Upepo wa Bahari ya Hindi unagonga milima ya Usambara, mvua inanyesha, maji yanazama chini ya miti na kutokeza vijitoni. Vijito vinaungana kuwa mto Zigi, Zigi unaingia bwawa la Mabayani, Mabayani linanywesha jiji la Tanga, na yanayobaki yanarudi baharini. Mwanafunzi akiushika uzi huo, kila mti na kila chura anayekutana naye anapata mahali pa kukaa kichwani mwake. Siku nne zinatosha. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mwalimu mwenzangu ambaye hajawahi kuongoza safari ya namna hii na anataka kuanza.

Hatua ya kwanza: chagua tarehe kwa kutazama mwezi

Ratiba ya mitihani huiwezi, lakini ndani ya nafasi inayokuachia kuna jambo linaloamua mengi: mwezi wa angani. Siku ya mwisho mtakuwa kwenye mikoko, na mikoko haisomeki maji yakiwa yamejaa. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huwa kuna bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Kwenye mwambao wetu, siku za bamvua maji hufika mwisho wa kupwa karibu na saa nne asubuhi, saa nzuri kabisa ya kufundishia. Wiki moja baadaye ni maji mafu. Bahari haitoki mbali, na kupwa kunaangukia alfajiri na alasiri.

Kati ya mwandamo na mwezi mpevu, mimi huchagua mwandamo. Sababu iko mlimani. Usiku wa pili mtatembea msituni na tochi, na giza lenyewe ndilo mwalimu wa usiku ule. Basi hesabu kinyumenyume: siku ya nne iangukie kati ya mwezi mosi na mwezi tatu kwa hesabu ya mwezi mwandamo, kisha rudi nyuma siku tatu. Hakikisha kwa jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Tanga. Ikiwa likizo haina mwandamo unaokufaa, chukua mwezi mpevu; mikoko haitapungua kitu, ila matembezi ya usiku yatakuwa na mwanga mwingi kuliko ninavyopenda.

Kuhusu msimu, epuka masika, Machi hadi Mei, kwa sababu ya barabara. Usambara Mashariki haina kiangazi kikavu kama cha Dodoma. Mvua inaweza kunyesha mwezi wowote, na mlimani kwa mwaka hupatikana karibu milimita 2,000. Mwishoni mwa Juni hadi Agosti kuna baridi lakini njia zinapitika. Januari na Februari pia ni wakati mzuri.

Hatua ya pili: barua na idadi

Msitu wa Amani ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, na una hekta 8,380 hivi. Unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mwandikie Mhifadhi miezi miwili kabla. Taja idadi ya wanafunzi wa kike na wa kiume, walimu, siku za kulala, na shughuli zenyewe. Usiandike "ziara ya mafunzo" ukaishia hapo. Andika kwamba mtapima joto, mtamimina lita moja ya maji kwenye udongo, mtahesabu miche ndani ya kamba, na kwamba hamtachuma wala kuchukua chochote. Mhifadhi anayejua mnachotaka kufanya atakuchagulia njia inayofaa na mwongozaji anayeijua. Omba kiwango cha ada cha wanafunzi, na uulize namna ya kulipa kabla hamjafika getini.

Barua ya pili iende kwa mamlaka ya maji ya Tanga kuomba kutembelea Mabayani. Ya tatu iende kwa uongozi wa kijiji cha pwani mtakapoingia mikokoni, na kama ni ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, ofisi yao nayo ijue. Kibali cha ofisi ya elimu na fomu za wazazi kila mwalimu anazijua.

Idadi yangu ni wanafunzi 28, makundi manne ya watu saba, na watu wazima watano, mmoja wao awe matroni. Njia za msituni ni nyembamba. Ukiwa na watoto 50 kwenye mstari mmoja, wa nyuma hawasikii chochote na wa mbele wameshafukuza kila mnyama. Afadhali kupeleka 28 mara mbili kuliko 56 mara moja.

Hatua ya tatu: fedha, na mtoto asiyeweza kulipa

Vifungu ni vilevile: gari na mafuta, ada za hifadhi, waongozaji, malazi, chakula, mitumbwi ya pwani, na asilimia 10 ya dharura isiyoguswa. Waongozaji usiwapunje. Mtu aliyekulia chini ya miti ile anaona kinyonga pale ambapo mimi mwenye shahada naona jani.

Anzeni kuchangisha miezi mitano kabla ili wazazi walipe kidogo kidogo. Halafu gawanya gharama ya jumla kwa 25, wakati wanaokwenda ni 28. Nafasi tatu ni za wale ambao nyumbani hawana. Waambie wazazi wazi tangu kikao cha kwanza kwamba hesabu imepigwa hivyo, bila kutaja majina. Sijawahi kuona mzazi aliyekataa. Mwanafunzi wangu aliyeandika daftari bora kuliko wote alikwenda kwa nafasi ya namna hiyo, na naamini kila darasa lina mtoto kama yule.

Hatua ya nne: gari

Kutoka Dar es Salaam hadi Muheza ni zaidi ya kilomita 300 za lami. Kutoka Muheza hadi Amani ni kilomita 30 na kitu tu, lakini ndizo zinazoamua. Sehemu kubwa ni barabara ya udongo, yenye kona na miinuko, na baada ya Sigi, penye geti la hifadhi, inabana kati ya ukingo na bonde.

Mwaka mmoja tulikodi kosta ambayo mwenyewe aliniapia kwamba imekwenda Amani mara nyingi. Matairi yalikuwa yameisha. Mvua ya nusu saa ilitosha. Kosta ikateleza nyuma hatua chache kabla ya kushika, na nilisikia ukimya wa watoto 28 nyuma yangu. Hakuna aliyeumia. Tulishuka, tukatembea kwa miguu hadi giza likatukuta njiani. Tangu siku ile nakagua tairi kwa mkono wangu mwenyewe, nauliza jina la dereva na kumpigia nikamsikie akinieleza njia, na pale Muheza, kama kumenyesha, nakodi magari mawili ya huko huko yaliyozoea mlima. Gharama hiyo iweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Na uondoke Muheza kabla ya saa nane mchana, ili mfike juu kukiwa na mwanga.

Hatua ya tano: wiki tatu za darasani

Safari inaanzia shuleni. Wiki ya kwanza wanafunzi wachore ramani ya bonde la Zigi kwa mkono, kutoka Amani hadi baharini. Wapake bluu kila kijito wanachokiona kwenye ramani kubwa. Wakimaliza, waulize: ukikata miti hapa, nani atajua wa kwanza? Usiwajibie. Swali hilo liende nao kwenye basi.

Wiki ya pili wafundishe kwa nini mimea na wanyama wengi wa Usambara hawapatikani kwingine. Milima ya Tao la Mashariki, ambayo Usambara ni sehemu yake, ni mafungu 13 ya milima, kuanzia Taita nchini Kenya hadi kusini mwa Tanzania. Misitu yake imepata unyevu wa bahari kwa muda mrefu sana, hata vipindi ambavyo nyanda za chini zilikauka. Kila mlima ukawa kama kisiwa, na viumbe waliobaki kisiwani wakaenda njia yao. Mfano mmoja unatosha: kuna ndege mdogo mwenye mdomo mrefu anayeshona majani kutengeneza kiota, ambaye duniani kote anajulikana Usambara Mashariki na kwenye uwanda wa juu wa Njesi, kaskazini mwa Msumbiji.

Wiki ya tatu tengenezeni vifaa. Hakuna cha kununua sana. Kila kundi lipate kamba ya mita 40 yenye fundo kila mita 10, rula, kipimajoto, saa yenye sekunde, chupa nne za plastiki nyeupe zinazofanana, na kopo la maziwa ya unga lililokatwa pande zote mbili. Kopo hilo ndilo chombo changu nikipendacho kuliko vyote. Unalisukuma kwenye udongo hadi likaze, unamimina lita moja ya maji, unahesabu sekunde hadi yazame yote. Wajaribu kwanza nyuma ya darasa, wakosee huko, wajue kuliweka wima bila kuvuruga udongo. Daftari liwe la jalada gumu na uandishi uwe wa penseli, kwa sababu wino ukipata unyevu wa Amani unasambaa na kazi ya siku nzima inapotea.

Hatua ya sita: afya na mizigo

Malaria Muheza ni jambo la kweli, na si bure kwamba taasisi ya utafiti wa malaria iliwekwa Amani baada ya Vita Kuu ya Pili. Kila mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa, avae mikono mirefu jioni, na wazazi waambiwe kwamba homa yoyote ndani ya wiki nne baada ya kurudi ipimwe siku hiyo hiyo.

Zungumza faraghani na kila mzazi kuhusu pumu, selimundu, kifafa na mzio. Mwenye selimundu anaweza kwenda, lakini baridi, kiu na mlima ni maadui zake. Daktari wake aamue kwanza, na wewe upange awe na kundi linalotembea taratibu. Dawa zikae kwa mtu mzima mmoja, na nakala ya orodha kwa mwingine. Hospitali iko Muheza mjini, kwa hiyo gari moja lilale na nyinyi mlimani, na dereva asiondoke.

Mizigo iwe michache: suruali mbili ndefu, soksi ndefu za kuingiza suruali ndani (siafu hawana simile), raba za kamba au gambuti, koti la mvua, sweta, tochi na betri za akiba, kanga, taulo za kike kwa kila msichana hata kama anasema hazitahitajika. Simu moja kwa kila kundi, ya kupigia picha. Nyingine zikae kwa matroni. Wanalalamika siku ya kwanza, na siku ya pili wanasahau.

Msituni sheria ni tatu, na ninawarudishia hadi wazikariri. Huweki mkono mahali ambapo macho hayajafika, maana kifutu na nyoka wa mitini wako. Hugusi mmea unaowasha wala ganda lenye manyoya, maana upupu utakumaliza. Huvuki mtu wa mbele wala hubaki nyuma ya mtu wa mwisho.

Siku ya kwanza: kupanda

Ondokeni Dar saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla ya Muheza mtapita mashamba ya mkonge. Simamisha dakika kumi. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, na miche 62 tu ndiyo iliyookoka safari. Waambie wanafunzi wahesabu aina za mimea wanazoziona kutoka pale walipo, waandike idadi. Ukurasa ule watauhitaji kesho, watakapohesabu aina za miche msituni.

Muheza nunueni machungwa, kisha kila kundi lipime joto kivulini. Mtapima tena Sigi, kwenye geti, ambako nyumba ya zamani ya kituo cha reli ya Wajerumani iliyotoka Tengeni sasa ni kituo cha wageni. Mara ya tatu mpime Amani yenyewe, karibu mita 900 juu ya bahari. Kwa kawaida joto hupungua nusu nyuzi na kidogo kwa kila mita 100 unazopanda. Acha wanafunzi waligundue hilo kwenye namba zao kabla hujalisema.

Usiku wa kwanza ni chakula na kulala. Usiwalazimishe kitu kingine.

Siku ya pili: msitu

Hii ndiyo siku kubwa. Mengine yote unaweza kuyapunguza, hii usiiguse.

Ingieni saa moja asubuhi. Dakika kumi za kwanza kila mtu anyamaze na kusikiliza. Mara nyingi hondohondo ndiye anayeanza. Mabawa yake yanavuma kama mtu anayepuliza kwenye chupa. Baadaye mbega weusi na weupe watapita juu, na kima. Waambie mapema kwamba hapa hakuna tembo wala simba, ili wasitembee wakisubiri kitu kisichokuja.

Kisha tandazeni kamba. Kila kundi lifanye vipande vitatu vya mita 10 kwa 10: kimoja kwenye msitu wa asili, kimoja penye misizi mingi (mti mgeni nitakaoueleza hapo chini), kimoja pembeni ya shamba la chai kwa ruhusa ya wenye shamba. Kwenye kila kipande wahesabu aina za miche midogo, wapime kwa rula unene wa majani yaliyooza, wapime joto, na wamimine lita moja kwenye kopo. Kipande cha nne wakifanye katikati ya njia iliyokanyagwa.

Nitaeleza nilichokiona mwaka jana. Msichana mmoja alipiga magoti kwenye msitu wa asili, kopo limezama robo kwenye weusi ule laini, mwenzake ameshika saa. Akamimina. Maji yakashuka kabla mwenye saa hajatulia, ikabidi warudie mara mbili kwa kudhani kopo linavuja. Kisha wakaenda njiani, wakasukuma kopo kwa nguvu zote kwenye udongo mwekundu uliokauka, wakamimina. Maji yakakaa, yakaakisi majani ya juu. Wakachuchumaa wakiyatazama mpaka mmoja akasema, "Sasa haya yakinyesha mengi yatakwenda wapi?" Mwingine akaonyesha mteremko kwa kidole. Sikuongeza neno.

Misizi ina kisa chake, na wanafunzi hukipenda. Msizi ni mti wa magharibi, pande za Bukoba, Uganda na Kongo. Wataalamu wa misitu waliupanda Usambara kwa sababu unakua haraka. Hondohondo wakaonja matunda yake, wakayapenda, wakaanza kutawanya mbegu hadi ndani ya msitu wa asili, hasa mahali palipofunguliwa na ukataji wa mbao, ambao kwa biashara kubwa uliendelea hadi miaka ya 1980. Ndege wa asili akawa mpanzi wa mti mgeni. Wape wanafunzi namba zao za miche chini ya misizi na chini ya msitu wa asili, wakae nazo, wabishane.

Mchana tembeleeni bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani pamoja na taasisi yao ya utafiti mwaka 1902. Saa moja inatosha. Kando ya kijito, kwenye jiwe lenye kivuli na maji yanayochuruzika, mwongozaji atawaonyesha ua dogo la urujuani ambalo limejaa madirishani Ulaya. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alilipata pande hizi mwaka 1892, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Wajerumani mpaka leo wanaliita ua la Usambara. Huku kwetu kuna watoto wa Tanga ambao hawajawahi kulisikia. Ninapowaonyesha wanafunzi ua lile hai mahali pake, likiwa limeng'ang'ania jiwe lisilozidi upana wa meza, huwa naona haya na fahari kwa pamoja.

Kila kundi lijaze chupa mbili: moja kijito cha ndani ya msitu, moja kijito kinachotoka mashambani. Waandike mahali, tarehe na saa.

Saa mbili usiku rudini njiani na tochi, kundi moja moja, mwongozaji mbele na mwalimu nyuma. Vinyonga wakilala hupauka, na hupenda ncha za matawi. Mwanga ukiwapitia wanang'aa kama ganda la yai. Dume wa kinyonga wa Derema ana pembe tatu, jike hana. Juu mtasikia komba. Chini kuna vyura, na mmoja wao anastahili kusimamiwa: chura mdogo ambaye hatagi mayai majini, anazaa watoto waliokamilika. Muulize mwanafunzi kwa nini chura aweze kuishi bila dimbwi. Jibu liko chini ya miguu yake, kwenye majani yale yale aliyoyapima kwa rula asubuhi. Hakuna kumshika kiumbe yeyote. Dawa ya mbu iliyo mkononi inaweza kumuua chura. Mwisho zimeni tochi zote dakika tatu.

Siku ya tatu: watu, kisha kushuka

Asubuhi ni ya kijiji. Wanafunzi waamkie wazee kwanza, wakae, wasikilize, kisha waulize. Watakutana na wanaookota mbegu za msambu, ambazo zina mafuta, na waliokuwa wakifuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyojifunga kwa maonyesho ya nje, biashara iliyosimama ghafla mwaka 2016 serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyama hai. Waulize pia kuhusu Derema, ambako wakulima wa iliki waliacha mashamba yao kwa fidia ili vipande vya msitu viunganishwe. Usiiruke mada hii kwa kuogopa kuharibu hali ya hewa. Mwanafunzi anayedhani msitu ulihifadhiwa bila mtu yeyote kutoa kitu hajauelewa msitu.

Baada ya chakula shukeni Mabayani. Hapa ndipo ramani ya darasani inapoingia mwilini: maji yale yale yaliyozama kwenye kopo sasa yamesimama bwawani yakisubiri kwenda kwenye mabomba ya Tanga. Mwombeni mtaalamu aeleze tope linavyopunguza uwezo wa bwawa. Wakulima wa bonde la Kihuhwi na Zigi wana umoja wao wa kuhifadhi vyanzo, UWAMAKIZI; na mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya kazi zinazolinda mazingira, kupata fedha za miradi yake. Mwalimu wa uchumi akiwepo, mwachie nusu saa. Jazeni chupa ya tatu, mbali na ukingo wenye utelezi. Wanafunzi wasiingie majini, kwa sababu ya kuzama na kwa sababu ya kichocho.

Laleni Tanga mjini. Watoto wataoga na kulala mapema.

Siku ya nne: mikoko

Saa tatu muwe mmefika ufukweni, maji yakiwa yanaelekea kupwa. Viatu vya kamba vilivyofungwa vizuri. Ndala zitabaki topeni, na chaza wanakata kama wembe. Mwongozaji awe mvuvi wa pale.

Wafundishe miti kwa kazi zake. Mkoko unasimama kwa miguu ya upinde na mbegu yake inachipua ingali juu ya mti, ikianguka inachoma tope kama mkuki. Mchu unatoa mizizi ya kupumulia, imechomoza kama penseli elfu. Mkandaa na mlilana mvuvi atakuonyesha. Kisha mwanafunzi ashike jani la mchu bila kulichuma, alipitishe ulimi kwa juu. Chumvi. Mti unakunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa majani. Nimeona kijana mkubwa wa kidato cha tano akiramba majani matatu ya miti tofauti ili ahakikishe.

Tope walilosimamia limeletwa na mito, na mikoko ndiyo inayolizuia lisifunike matumbawe na majani ya bahari huko nje. Jazeni chupa ya nne. Kisha kaeni kivulini, kila kundi lipange chupa zake nne mbele ya karatasi nyeupe. Zile za juzi zimetulia usiku kucha, mashapo yamelala chini. Pimeni unene wake kwa rula.

Saa sita maji yanarudi. Ondokeni kabla hayajafika magotini, na muianze safari ya Dar mara moja ili msisafirishe watoto usiku.

Mkisharudi

Ndani ya wiki moja, kabla kumbukumbu hazijapoa, wekeni namba za makundi yote kwenye jedwali moja kubwa la karatasi ya ukutani: joto, miche, unene wa majani, sekunde za kopo, mashapo ya chupa. Namba zisizofanana zisifutwe. Waliozipata waeleze walifanyaje. Nakala ya jedwali mtumieni Mhifadhi, nyingine kijiji, nyingine mamlaka ya maji, pamoja na barua ya shukrani iliyoandikwa na wanafunzi wenyewe.

Na acheni mstari mmoja mtupu chini ya jedwali. Siku ya kulibandika, chukueni lile kopo, nendeni chini ya mwembe wa shule, kisha kwenye uwanja wa paredi, mmimine lita moja moja na mhesabu sekunde.